Uyoga wa kahawia wenye magamba: kuutambua Agaricus sylvaticus bila kudanganywa na kofia

Panga mezani sampuli kadhaa za Agaricus sylvaticus zilizotoka misitu tofauti, na mtu asiyeuzoea uyoga huu ataapa kwamba anaona spishi tatu au nne. Mmoja una kofia ya hudhurungi iliyopauka, na magamba yake ni machache, yamelala. Wa pili ni kahawia iliyokolea, na magamba yamebanana mpaka weupe wa chini hauonekani. Wa tatu ukiukata unageuka mwekundu kabla hujaweka kisu chini, na wa nne unabaki mweupe dakika nyingi kana kwamba haujaguswa. Zote zinaweza kuwa spishi moja.

Jina lake lilitolewa mwaka 1774 na Jacob Christian Schäffer, aliyechora na kueleza kuvu wa Bavaria. Tangu hapo sura zake mbalimbali zimepewa majina yao wenyewe. Lililodumu kuliko mengine ni Agaricus haemorrhoidarius, lililotumika kwa sampuli nyeusi zaidi na zenye kutoa wekundu mkali. Leo wataalamu wengi hulichukua kama jina jingine la sylvaticus. Utaukuta pia umeandikwa silvaticus, kwa i. Usidhani ni kitu kingine.

Ugumu wa uyoga huu unatokana na kwamba alama zinazoonekana kwanza ndizo zinazobadilika zaidi. Rangi ya kofia, wingi wa magamba, ukubwa, na hata kasi ya kuwa mwekundu hutegemea umri, mvua na mahali. Zisizobadilika zimejificha: rangi ya spora (chembe ndogo ambazo uyoga huzalia), kukosekana kwa manjano, harufu, na vipimo vya spora chini ya hadubini. Anayeanza na kofia hupotea mapema.

Basi anza na jenasi. Spishi zote za Agaricus, pamoja na uyoga mweupe unaolimwa duniani kote, zina mambo manne yanayokwenda pamoja. Chini ya kofia kuna vibamba vyembamba ambavyo havishikani na shina. Shina lina pete iliyoachwa na utando uliokuwa umefunika vibamba uyoga ulipokuwa mchanga. Kwenye kitako cha shina hakuna kifuko. Na chapa ya spora, yaani alama ambayo spora huacha zikidondokea karatasi, ni kahawia ya chokoleti. Hili la nne ndilo la kushikilia hata mengine yakileta shaka.

Kupata chapa ya spora si kazi ngumu, lakini huharibika kwa uzembe mdogo. Chagua kofia iliyofunguka lakini ambayo haijaanza kulegea. Kata shina sambamba na vibamba, laza kofia, vibamba vikitazama chini, juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu nyeusi, dondosha tone moja la maji juu ya kofia, kisha funika kwa bilauri. Iache usiku kucha. Usipofunika, upepo hutawanya spora na utabaki na vumbi lisilo na rangi ya kusomeka. Kofia ikiwa imelowa chepechepe, karatasi itachukua maji ya kahawia yatakayokufanya uone rangi ambayo si ya spora. Ikaushe kwanza kwa kitambaa. Karatasi ya rangi mbili ina kazi yake: chapa nyeupe haionekani kwenye karatasi nyeupe, na chapa nyeupe ndiyo habari muhimu kuliko zote, kwa sababu hapo hauko tena kwenye Agaricus.

Usitegemee rangi ya vibamba peke yake. Katika sylvaticus mchanga vibamba vimepauka, kijivu chenye waridi kidogo, visivyo na ule uwaridi mng'avu wa uyoga wa malishoni. Baadaye huwa kahawia-nyekundu, na mwisho chokoleti iliyokolea. Uyoga ambao utando wake haujapasuka una vibamba vyeupe au karibu na hivyo, na hapo ndipo hatari ilipo: Amanita mchanga, wa jenasi yenye uyoga unaoua, naye yuko hivyohivyo. Kitumba peke yake hakitoshi kutambua chochote. Kama hukukuta wakubwa karibu yake, kiache.

Sasa kofia. Mara nyingi ina upana wa sentimita 5 hadi 10, mara chache zaidi ya 12. Ikiwa changa ni duara, kisha hutanuka mpaka kuwa karibu bapa, na pengine hubaki na mwinuko mdogo katikati. Magamba hayaongezwi juu kadiri uyoga unavyokua. Kofia changa imefunikwa na ngozi moja nzima ya kahawia. Mnofu wa ndani ukitanuka, ngozi hiyo haiwezi kuufuata, hivyo inachanika vipande, kama rangi kavu juu ya puto linalopulizwa. Katikati hakutanuki sana, na ndiyo sababu hapo kahawia hubaki bila kuchanika. Ukiuelewa mchakato huu, nusu ya mabadiliko ya sura yanaeleweka. Uyoga uliokua polepole kwenye unyevu wa kudumu hupata nyuzi laini zilizolala, zisizo magamba hasa. Uliotanuka kwa haraka baada ya ukame hupata magamba mapana yaliyotengana wazi. Mvua kubwa huosha baadhi ya magamba na kuacha ukingo karibu mweupe. Jua nalo hupausha kahawia kuelekea mdalasini. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachosema kuwa ni spishi nyingine.

Shina huwa na urefu wa sentimita 5 hadi 12 na unene wa sentimita 1 hadi 1.5, jeupe, mara nyingi lenye uvimbe mdogo chini. Nasema mara nyingi, kwa sababu uvimbe huo huja na kuondoka. Pete iko sehemu ya juu, imening'inia kama sketi, nyembamba, na ukingo wake huelekea kuwa na kahawia. Huchanika kwa urahisi na wakati mwingine hunata kwenye shina na kutoonekana kabisa, basi itafute kabla ya kuamua kwamba haipo. Chimbua uyoga mzima kwa kisu ukianzia chini ya majani. Ukiukata juu ya ardhi umeacha nyuma sehemu ambayo ina majibu mengi kuliko nyingine yoyote.

Sehemu hiyo ni kitako, na jaribio lake ni kukata. Pasua uyoga mchanga, mbichi, kutoka juu ya kofia hadi chini ya shina kwa kisu chembamba. Mnofu ni mweupe. Katika sylvaticus hubadilika kuwa mwekundu, hasa kwenye shina na sehemu ya kofia iliyo juu ya vibamba, kisha wekundu huo hukolea kuelekea rangi ya damu iliyokauka na hatimaye kahawia. Kwaruza pia ngozi ya nje ya shina kwa ukucha, juu na chini. Mara nyingine huko nje wekundu huja kabla ya ndani. Angalia mara moja, baada ya dakika moja, baada ya tano, na baada ya kumi na tano, ukiandika kila mara ulichokiona. Ukitaka kupiga picha, weka karatasi nyeupe pembeni mwa uyoga, kwa sababu kamera ya simu hurekebisha rangi yenyewe na inaweza kuugeuza uwaridi kuwa hudhurungi bila kukuomba ruhusa.

Wekundu huu ni kemikali za ndani ya mnofu zinazokutana na hewa pindi seli zinapokatwa, zikisaidiwa na vimeng'enya. Hiyo ndiyo sababu hauaminiki nyakati zote. Uyoga mzee umeshapoteza nguvu hiyo. Uliokauka kwa upepo hutoa uwaridi hafifu au hautoi kabisa. Uliokaa kwenye jokofu au uliopigwa na jalidi hukawia, au huwa umeshageuka kahawia kote. Uyoga mchanga uliojaa maji hugeuka haraka kuliko wote. Kwa hiyo wekundu ukionekana una uzito. Usipoonekana katika sampuli iliyochoka, hujajifunza chochote. Kata nyingine iliyo changa zaidi kabla ya kuandika kwamba haugeuki. Naona makosa mengi ya vitabuni na mtandaoni yangeisha kama kila mtu angekata sampuli tatu za umri tofauti badala ya moja.

Kuna rangi ya pili ya kutafuta wakati huohuo, na kwa usalama ni muhimu kuliko nyekundu: manjano. Kundi la Agaricus zenye sumu, linaloongozwa na Agaricus xanthodermus, hutoa manjano makali kwenye kitako cha shina likikwaruzwa au kukatwa. Ndugu yake wa msituni, Agaricus moelleri, ana magamba madogomadogo ya kijivu-kahawia na doa jeusi katikati ya kofia, na ndiye anayechanganywa na sylvaticus zaidi ya wote. Wa tatu, Agaricus phaeolepidotus, ana magamba ya kahawia hasa, na manjano yake ni hafifu kiasi cha kukupita usipokaza macho. Manjano haya huja ndani ya sekunde chache na hufifia kuwa kahawia ndani ya dakika. Anayekata uyoga, akaenda kutafuta daftari, akarudi, hukuta kahawia tu na kuandika kwamba uyoga ulibadilika kuwa kahawia-nyekundu. Basi kaza macho kwenye kitako kabla ya kitu kingine, kisha ndipo ukatazame wekundu kwa utulivu. Wala usichanganye manjano hayo na ule uchakavu wa rangi ya udongo unaopatikana juu ya kofia za uyoga wowote mzee.

Wenye manjano hao wana harufu pia, ya fenoli, yaani kama wino au dawa ya kuulia vijidudu hospitalini. Sugua kitako kwa vidole na unuse mara moja. Baridi huizima, basi kama uyoga umetoka kwenye ubaridi, weka kipande kwenye chupa ndogo, funga, kiache kipate joto la chumba, kisha fungua ukiwa umeisogeza puani. Joto la kupikia huikuza harufu hiyo zaidi, lakini kungoja mpaka sufuria ikuambie ni kuchelewa. Sumu yao huleta kutapika na kuhara. Harufu ya sylvaticus yenyewe ni ya kawaida ya uyoga, isiyo na jambo la kusimulia. Ukinusa lozi chungu, na kofia ni kubwa kuanzia sentimita 10 mpaka 20 au zaidi, huenda una Agaricus augustus: ana magamba ya kahawia pia, lakini shina lake chini ya pete limejaa vipande vyeupe vya sufi, na hugeuka manjano, si nyekundu. Ukinusa kitu kibaya kinachofanana na mpira, na mnofu hauwi mwekundu au huwa kidogo tu, mfikirie Agaricus impudicus, mwenye magamba ya kahawia vilevile na anayeishi misitu hiyohiyo.

Kwa wanaopenda kemikali, yapo majaribio mawili yenye faida. La kwanza ni haidroksidi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa asilimia 10 hadi 20. Dondosha tone moja juu ya kofia na jingine kwenye kitako. Spishi za kundi la wekundu hazitoi manjano. Za kundi la xanthodermus hutoa, na za kundi la augustus pia. La pili ni jaribio la Schäffer: chora mstari wa anilini juu ya kofia, kisha uukate kwa mstari wa asidi ya nitriki yenye nguvu ya asilimia 65. Mahali mistari inapokutana pakiwaka rangi ya chungwa-nyekundu, uko kwenye kundi la augustus. Katika sylvaticus hapatokei kitu. Kundi la xanthodermus nalo halijibu, kwa hiyo jaribio hili peke yake haliwezi kukutenganishia uyoga huu na wale wenye sumu. Tone la potasiamu linaweza. Anilini ni sumu inayopenya ngozini na asidi hiyo huunguza vibaya. Glovu, miwani na dirisha wazi si mapambo. Asiye navyo atosheke na tone la potasiamu, nalo pia alishughulikie kwa glovu, maana huunguza.

Schäffer wa jaribio hili si yule wa mwaka 1774. Ni Julius Schäffer, Mjerumani wa karne ya 20 aliyeijua kuvu kuliko wengi, na aliyefariki mwaka 1944 baada ya kula Paxillus involutus, uyoga uliokuwa ukihesabiwa chakula wakati huo.

Hadi hapa, ukiwa na chapa ya chokoleti, wekundu ulio wazi, hakuna manjano, na harufu ya kawaida, umefika kwenye kundi la Sanguinolenti, yaani lile la Agaricus zinazogeuka nyekundu. Wengi wanaweza kusimama hapo bila aibu. Kuandika jina la kundi ni afadhali kuliko kuandika jina la spishi kwa kubahatisha, kwa sababu ndani ya kundi hilo kuna jirani ambaye macho matupu hayamtengi kwa uhakika: Agaricus langei, aliyeitwa kwa heshima ya Mdenmaki Jakob Emanuel Lange. Huyu huelekea kuwa mnene zaidi, na shina lililo sawa kutoka juu hadi chini, na wekundu wake huja ghafla na kwa nguvu. Lakini sylvaticus mchanga mwenye maji mengi hufanya hivyohivyo, na langei mzee hafanyi.

Hadubini ndiyo inayokata kesi. Chukua spora kutoka kwenye chapa, si kwa kukwangua vibamba, kwani vibamba vina spora changa zisizotimia ukubwa. Tumia lenzi ya mara 100 yenye mafuta, ambayo pamoja na kitazamio cha mara 10 hufanya mara 1000. Pima spora zisizopungua 20, zile zilizolala ubavu tu, bila kuhesabu kijipembe kinachotokeza mahali spora iliposhikilia. Katika sylvaticus urefu ni takriban maikromita 4.5 hadi 6.5 na upana 3 hadi 4. Katika langei urefu hufika 7 hadi 9. Tofauti hiyo ni kubwa, na wastani wa vipimo vyako utaangukia upande mmoja bila ubishi, mradi uliisawazisha hadubini kwa rula yake ndogo ya kioo. Spora moja kubwa isikusumbue, chukua wastani.

Ujue tu kwamba vipimo hivi havisaidii dhidi ya moelleri. Spora zake ni karibu sawa kabisa na za sylvaticus. Huyo hutengwa kwa manjano na harufu, na kama hukuyaandika uyoga ukiwa mbichi, hadubini haitakurudishia. Aliye tofauti kwa njia nyingine ni Agaricus bisporus, yule wa kulimwa, ambaye kwa asili anaweza kuwa wa kahawia mwenye magamba na kugeuka mwekundu kidogo akikatwa. Seli zinazozaa spora kwenye vibamba vyake hubeba spora mbili mbili. Katika sylvaticus ni nne nne.

Nje ya jenasi hii, wengine wenye magamba ya kahawia huanguka haraka kwenye chapa ya spora au kwa kugeuza kofia. Chlorophyllum rhacodes hugeuka chungwa na kisha mwekundu akikatwa, jambo linaloshtua, ila vibamba na chapa yake ni vyeupe na pete yake hupanda na kushuka kwenye shina. Pholiota squarrosa huota kwa vishada chini ya miti, na chapa yake ni ya kutu. Sarcodon imbricatus chini ya kofia ana miiba midogo, hana vibamba kabisa. Lepiota brunneoincarnata ni mdogo, ana magamba ya kahawia na vibamba vyeupe vya kudumu, na anaua kwa sumu ileile iliyomo katika Amanita phalloides, inayoharibu ini. Kwa ajili yake peke yake chapa ya spora inastahili usiku mmoja wa kungoja.

Kuhusu mahali: vitabu husema misprusi na misonobari, kwenye zulia la sindano zilizoanguka, mwishoni mwa kiangazi na majira ya kupukutika, na kwa kawaida ni kweli. Uyoga huu hula mabaki yanayooza, haushirikiani na mizizi ya mti fulani, kwa hiyo hakuna kinachouzuia kuota chini ya miti ya majani mapana. Mti ulio juu yake uandike, lakini usiutumie kama hukumu.

Ama kuula, sylvaticus huhesabiwa kuwa unalika, ingawa matumbo ya watu wengine huukataa. Spishi za Agaricus za porini, hasa zile zinazogeuka manjano za kundi la augustus, zinajulikana pia kwa kujaza kadimiamu kutoka ardhini. Makala haya ni ya kutambua, si ya jikoni, na maelezo ya maandishi hayatoshi kumlisha mtu.

Ukitaka sampuli ibaki na thamani, pasua nusu na ukaushe kwa hewa yenye joto la nyuzi 40 hivi mpaka ivunjike ikikunjwa. Ikiiva kwa joto kali, mnofu huwa mgumu na chembe zake hazionekani tena vizuri kwa hadubini. Ikikauka polepole mno, funza humaliza kazi. Ihifadhi kwenye bahasha ya karatasi ndani ya kopo lenye silika ya kufyonza unyevu, pamoja na chapa yake ya spora. Kwenye bahasha andika mambo ambayo sampuli kavu haiwezi kuyasema: rangi ya mnofu kwa dakika, manjano yalikuwepo au la na mahali gani, harufu, tone la potasiamu lilifanya nini, miti ya karibu, tarehe na mahali. Kipande kidogo kama punje ya mchele, kilichokatwa ndani ya kofia kabla hakijaguswa sana, kiweke peke yake kwa ajili ya DNA.